Mgeni Aliyekuja na Viraka

Tarehe 29 Machi 2024 ilikuwa Ijumaa Kuu kwa Wakristo, na Waislamu walikuwa wameshavuka nusu ya mfungo wa Ramadhani. Siku hiyo Andres Freund, mhandisi wa programu aishiye San Francisco, aliwaandikia hadharani wataalamu wa usalama wa programu huria, na barua yake ikawaharibia wengi mapumziko. Alisema amegundua kwamba XZ Utils, programu ndogo iliyomo karibu katika kila kompyuta inayoendeshwa na Linux, imetiwa mlango wa siri. Mwenye ufunguo wa mlango huo angeweza kuingia kwenye seva yenye toleo lile akiwa popote duniani, bila nenosiri, na kuiamuru kama mwenye mali.

Aliyeutia mlango huo alikaribishwa mchana kweupe. Wenyeji walimpa mamlaka kwa hiari yao, akafanya kazi pamoja nao kwa miaka miwili na ushei, na kwa muda mrefu kazi yake ilionekana safi. Nakisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu naipenda mifumo huria na nataka itumike zaidi katika shule, hospitali na ofisi zetu, na pia kwa sababu wengi wetu tunaitumia kwa mazoea yaleyale yaliyompa mgeni yule nafasi.

Mfumo endeshi ndio programu mama ya kompyuta: ndio unaosimamia kumbukumbu, faili, mtandao na programu nyingine zote. Ukiwa huria, msimbo wake uko wazi, na yeyote ana ruhusa ya kuusoma, kuunakili, kuubadilisha na kuusambaza. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, ndiyo inayojulikana zaidi. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 za orodha ya TOP500, zile zenye nguvu kuliko zote duniani, zinaendeshwa na Linux. Kiini cha Linux kimo pia ndani ya kila simu ya Android, kwa hiyo muuza samaki wa Feri, Dar es Salaam, anayepokea malipo kwa simu yake ya Android anaitumia Linux kila siku hata kama hajawahi kulisikia jina hilo.

Hospitali nazo zimo. Mfumo wa takwimu za afya uitwao DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ni programu huria, na kwa kawaida husakinishwa kwenye seva za Linux. Kenya iliusambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011. Tanzania, Uganda na Rwanda zinautumia pia. Takwimu za malaria, za uzazi na za chanjo kutoka zahanati zetu hupita humo. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika mapema sana Eldoret, katika kazi ya kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Anayedhani kwamba yaliyotokea kwenye XZ ni mambo ya wahandisi wa Ulaya na Marekani ajue kwamba mafaili ya mama zake na wadogo zake yako juu ya mitambo ya namna hiyohiyo.

Jambo ambalo watumiaji wengi hawaliwazii ni kwamba mfumo kama Debian au Ubuntu haukutengenezwa na kampuni moja, ukafungwa kwenye boksi na kuuzwa. Ni maelfu ya programu ndogondogo zilizoandikwa na watu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali, zikakusanywa na kuunganishwa na waandaaji. Toleo la Debian la mwaka 2023 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Baadhi ya vifurushi hivyo vina makampuni makubwa nyuma yake. Vingine vinamtegemea mtu mmoja ambaye akirudi kutoka kazini jioni, na watoto wameshalala, hufungua kompyuta yake na kurekebisha kasoro walizoripoti watu asiowajua.

XZ Utils ilikuwa ya kundi hilo la pili. Kazi yake ni kubana data ili faili ichukue nafasi ndogo na isafiri haraka mtandaoni, kisha kuifungua upande wa pili bila kupoteza hata herufi. Msimbo wa kiini cha Linux wenyewe husambazwa ukiwa umebanwa hivyo, na vifurushi vya Debian pia. Aliyeitunza kwa zaidi ya miaka kumi ni Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea, bila mshahara. Seva za mabenki, za serikali na za makampuni yenye mabilioni ziliitegemea kazi yake, na hakuna aliyemuuliza anaishije.

Mwaka 2021 lilijitokeza jina jipya: Jia Tan. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo alituma kwa mradi kiraka chake cha kwanza, yaani badiliko la msimbo, kidogo tu, kisicho na ubaya. Vikafuata vingine. Aliandika kwa adabu, akasahihisha alipokosolewa, akaendelea. Mtunzaji aliyeelemewa hupokea msaada wa namna hiyo kwa shukrani, na sisi Waswahili tungesema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kuanzia Aprili 2022 yakaibuka majina mengine ambayo hayakuwa yamewahi kuonekana katika mradi ule, Jigar Kumar na baadaye Dennis Ens. Hawa hawakuleta msimbo. Walileta manung'uniko: mbona viraka vinachelewa kupokelewa, mbona matoleo mapya hayatoki, mbona mtunzaji hana ari tena, kwa nini asimpishe mwingine. Collin aliwajibu kwa upole. Alieleza kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyolipwa, kwamba afya yake imemwia ngumu kwa muda mrefu, na kwamba huenda Jia Tan akapewa nafasi kubwa zaidi siku zijazo. Walizidi kumbana. Baada ya hapo majina yale yalitoweka, na leo wachunguzi wengi wanaamini kwamba yaliundwa makusudi ili kumchosha mwenye nyumba mpaka amkabidhi mgeni funguo.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Katika kisa kizima hakuna mtambo uliovunjwa wala nenosiri lililoibwa. Kilichoshambuliwa ni uchovu wa mtu mmoja. Mshambuliaji alitazama nguzo zinazoubeba ulimwengu wa kompyuta, akaitafuta ile inayoshikiliwa na mikono miwili tu, akasubiri mikono hiyo ilegee. Ukatili wa mpango huo unaniuma kuliko ujanja wake, maana uliigeuza tabia njema kabisa ya jamii ya programu huria, ile ya kumpokea asiyejulikana kwa kazi yake na si kwa cheo chake, ikawa njia ya kuidhuru.

Kufikia mwanzo wa mwaka 2023 Jia Tan alikuwa na mamlaka ya kuingiza msimbo moja kwa moja, na mwezi Machi akatoa toleo lililoandaliwa naye. Mwezi huohuo anwani ya mawasiliano ya mradi katika OSS-Fuzz ikabadilishwa na kuwa yake. OSS-Fuzz ni huduma ya Google inayopima programu huria kwa kuzirushia data mbovu ili kasoro zake zijitokeze. Julai akaiomba huduma hiyo isikipime kipengele fulani cha XZ, akitoa sababu ya kiufundi iliyosikika ya kweli. Ni kipengele hichohicho kilichokuja kutumika baadaye katika udukuzi. Kila hatua, ukiitazama peke yake, ni ya kawaida kabisa katika maisha ya mradi wowote. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilishonewa ndani ya nguo uzi baada ya uzi.

Februari 2024 aliukamilisha mpango. Programu ya kubana faili huhitaji kuwa na faili mbovu kwa makusudi, ili ipimwe kama inaweza kuzitambua na kuzikataa. Faili hizo hazisomeki kwa macho. Ni mkururo wa data isiyo na maana. Humo ndimo alimoficha sumu. Kisha ikahitajika njia ya kuitoa humo wakati programu inapojengwa, na hapo alitumia pengo ambalo wengi walikuwa hawalijali. Msimbo wa mradi huwekwa kwenye hifadhi ya wazi ambako kila badiliko huonekana, lakini toleo linapotoka, mtunzaji huandaa pia furushi rasmi ambalo waandaaji wa Debian, Fedora na wengine hulichukua. Aliyosoma mtu kwenye hifadhi hayakuwa yote yaliyomo kwenye furushi: mstari mmoja muhimu, ule wa kuianzisha sumu, uliwekwa kwenye furushi pekee. Ni sawa na mpishi anayebandika ukutani orodha ya viungo ili wateja waisome, kisha akiwa jikoni anatia sufuriani kitu ambacho hakikuandikwa. Toleo la 5.6.0 lilitoka tarehe 24 Februari, na la 5.6.1 likafuata tarehe 9 Machi.

Lengo lilikuwa OpenSSH, programu ambayo wasimamizi wa mitambo huitumia kuingia kwenye seva wakiwa mbali. OpenSSH yenyewe haina haja na XZ. Ila baadhi ya waandaaji, wakiwemo wa Debian na Fedora, waliiongezea kipande kidogo cha kuiunganisha na systemd, programu inayosimamia huduma za kompyuta. Systemd nayo iliiita maktaba ya XZ. Na kwa mlolongo huo msimbo wa kubana faili ukajikuta umeketi ndani ya programu inayolinda lango kuu. Aliyepanga haya aliuelewa mfumo mzima kuliko wengi waliouandaa. Sumu ilijihakikishia kwanza kwamba inajengwa kwa ajili ya Linux, kwa aina maalumu ya kichakato, na kwa ajili ya vifurushi vya Debian au vya ukoo wa Fedora. Pasipokuwa hivyo ilinyamaza.

Machi yote kulikuwa na haraka. Jia Tan na majina mengine waliwahimiza waandaaji wa mifumo mikubwa waingize toleo jipya upesi, kabla ya matoleo yao ya msimu kufungwa. Toleo la Ubuntu linalohudumiwa kwa miaka mingi, 24.04, lilikuwa mlangoni. Fedora 40 ilikuwa katika majaribio. Kama ingepita miezi michache zaidi, toleo lile lingeingia kwenye seva ambazo huwa hazibadilishwi kwa miaka.

Freund hakuwa akitafuta wadukuzi. Yeye ni mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, hifadhidata huria, na alikuwa akipima kasi yake kwenye toleo la majaribio la Debian. Ili vipimo viwe sahihi alihitaji kompyuta itulie, akaona haitulii: majaribio ya kuingia kwa SSH, hata yale yaliyokataliwa, yalikuwa yakila nguvu nyingi ya kichakato. Kilichokuwa kikichukua sekunde 0.3 sasa kilichukua 0.8. Tofauti ni nusu sekunde. Akakumbuka pia onyo la ajabu aliloliona wiki kadhaa nyuma katika vipimo vingine, onyo ambalo wengi wangelipuuza. Akachimba, akafuata uzi mmoja hadi mwingine, akafika kwenye XZ. Mwanzoni alidhani ni kifurushi cha Debian kilichoharibiwa, kumbe ni chemchemi yenyewe.

Waandaaji walichukua hatua kwa saa chache. Debian, Fedora, openSUSE na Kali waliyaondoa matoleo yale na kurudi nyuma. Ubuntu iliahirisha toleo lake la majaribio kwa wiki nzima ili vifurushi vyake vijengwe upya. Kasoro ilisajiliwa kwa namba CVE-2024-3094 na kupewa uzito wa 10 kati ya 10. Matoleo thabiti, yale yanayotumika kwenye seva nyingi za kazi, hayakuwa yamefikiwa. Collin alirudi, akausafisha mradi wake, na mwishoni mwa Mei akatoa toleo 5.6.2 lisilo na sumu. Jia Tan ni nani hasa, mtu mmoja au kikosi, wa nchi gani, hadi leo hajatambulika.

Baada ya tukio hili wapo waliosema: mnaona, bora programu zilizofungwa, zenye kampuni inayowajibika. Hoja hiyo haisimami. Mwaka 2020 iligundulika kwamba wadukuzi waliingia katika kampuni ya SolarWinds na kupandikiza msimbo wao ndani ya programu yake ya kusimamia mitandao, programu iliyofungwa, na wateja wapatao 18,000 wakapokea sasisho lenye sumu, zikiwemo wizara za serikali ya Marekani. Kule mteja hakuwa na namna ya kufungua na kutazama. Huku, mtu mmoja mwenye shaka aliweza kufuata nyayo mpaka kwenye mstari wenyewe, akiwa kwake, bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Uwazi ndio uliotuokoa, na naliandika hilo bila kusita.

Lakini watetezi wa mifumo huria nao wasijipongeze kupita kiasi. Kwa miaka mingi tumeambiana kwamba msimbo ukiwa wazi macho mengi yatauona, na kasoro haitajificha. Toleo lenye sumu lilikaa hadharani wiki tano. Maelfu ya watu walilipakua. Macho yaliyoona yalikuwa ya mtu mmoja, na aliona kwa sababu ya jambo jingine kabisa. Ruhusa ya kusoma haimfanyi mtu asome. Kusoma msimbo wa mwingine ni kazi nzito, yenye kuchosha, na mara nyingi hakuna anayeilipia.

Linganisha hali za watu wawili wa kisa hiki. Collin, aliyedanganywa, alikuwa akifanya kazi bila malipo, peke yake, amechoka, na watu wakimsukuma. Freund, aliyegundua, ni mwajiriwa wa Microsoft, analipwa kushughulikia PostgreSQL, na ana muda wa kujiuliza ile nusu sekunde imekwenda wapi. Sisemi kwamba fedha huleta uaminifu au akili. Collin anavyo vyote viwili, na miaka yake ya utunzaji inathibitisha. Nasema kwamba umakini huhitaji mtu aliyepumzika, na mtu hupumzika anapokuwa na msaidizi na uhakika wa riziki. Hilo ndilo lililokosekana pale mlango ulipofunguliwa, na ndilo lililokuwepo pale ulipogunduliwa.

Tulikuwa tumeshaonywa. Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Watu walipouliza nani anaitunza, wakaambiwa kwamba mradi huo ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni makubwa yaliona aibu, yakachanga kupitia Linux Foundation, na OpenSSL ikapata watu wa kuishughulikia. Miaka 10 baadaye mambo yakajirudia kwa XZ, kwa sababu waliochanga walitibu jeraha lililokuwa likivuja damu, na hawakuzunguka nyumba nzima kuuliza nani mwingine amebeba mzigo peke yake.

Ujerumani ilielewa mapema kidogo. Mwaka 2022 serikali yake ilianzisha Sovereign Tech Fund, mfuko wa kuwalipa watunzaji wa programu huria ambazo uchumi wa nchi unazitegemea. Mwanzoni mwa Aprili 2024, siku chache tu baada ya barua ya Freund, jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza uamuzi wa kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 za serikali yake kwenda LibreOffice, na Linux ifuate. Kisa cha XZ hakikuwatisha. Walitaka serikali iwe na mamlaka juu ya data yake na isitegemee muuzaji mmoja wa nje, na wanajua kwamba uhuru huo una gharama za utunzaji.

Kwetu mahitaji ni makubwa kuliko kwao. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazina sifa za kupokea Windows 11. Fikiria maabara za kompyuta katika shule za sekondari, ofisi za kata, vituo vya afya, ambako mashine nyingi zilinunuliwa zikiwa mitumba. Linux inaweza kuzipa mashine hizo miaka mingine ya kazi salama, bila leseni, na mwanafunzi akaruhusiwa kufungua ndani na kuona inavyofanya kazi. Sijui njia nyingine ya kufundishia kompyuta iliyo bora kuliko hiyo. Na uwezo wa kuchangia tunao: mwaka 2004, chini ya mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Ilifanyika kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi na hapakuwa na mwenye mali wa kuombwa ruhusa.

Tatizo letu liko kwenye neno bure. Ofisi inapoambiwa kwamba Linux haina ada ya leseni, mhasibu huandika sifuri kwenye bajeti na kugeuza ukurasa. Sifuri hiyo haimlipi fundi wa kusasisha seva, haimpeleki kijana mafunzoni, haichangii hata shilingi moja kwa mtu wa mbali ambaye programu yake inashikilia malipo ya mishahara. Mfumo husakinishwa na mkandarasi, mkandarasi huondoka, na baada ya miaka mitatu hakuna anayekumbuka nenosiri wala toleo lililomo. Kisha seva ikidukuliwa, lawama huenda kwa Linux. Tumeona pia seva zinazoendelea kufanya kazi juu ya matoleo ambayo waandaaji wake walishaacha kuyasasisha, kwa hoja kwamba mbona bado inafanya kazi. Mlango wa XZ nao ulikuwa ukifanya kazi vizuri sana.

Ninaomba mambo yanayowezekana. Taasisi inayookoa fedha za leseni itenge sehemu yake, hata iwe ndogo, kwa ajili ya utunzaji: mshahara wa fundi wake mwenyewe kwanza, kisha mchango kwa miradi ambayo taasisi hiyo inaitegemea. Mamlaka ya Serikali Mtandao ya Tanzania na wenzao wa Kenya, Uganda na Rwanda wadai katika kila zabuni orodha kamili ya programu zilizomo ndani ya mfumo unaonunuliwa, toleo la kila moja, na jina la anayeitunza, maana siku ile ya Machi 2024 swali la kwanza kwa kila msimamizi wa seva lilikuwa moja tu: tunayo XZ ya toleo gani? Aliyekuwa na orodha alijibu kwa dakika chache.

Vyuo vikuu navyo vina jeshi ambalo halijatumwa vitani. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta huandika mradi wa kuhitimu, mara nyingi mfumo wa kusajili wanafunzi au wa kuuza bidhaa, ambao hufungiwa kabatini baada ya kupewa alama. Kwa nini asipewe alama kwa kukagua furushi moja la Debian na kulinganisha kilichomo na kilichoko kwenye hifadhi ya wazi, mstari kwa mstari? Ndiyo kazi ambayo ingeifichua sumu ya Jia Tan siku ya kwanza, na kijana wa Mbeya, Kisumu au Mbarara mwenye intaneti ya wastani anaiweza. Atajifunza mengi, na mtunzaji fulani Finland au Brazili atapata jozi ya macho asiyoitarajia.

Na wewe msomaji unayetumia programu huria kazini au nyumbani, ukiripoti kasoro usiandike kama mteja aliyeuziwa kitu kibovu. Kumbuka manung'uniko ya Jigar Kumar na kazi iliyokusudiwa kufanywa nayo. Mwandikie mtunzaji kwa heshima, mshukuru, tafsiri ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili, jaribu toleo jipya kabla halijatoka, changia ulichonacho. Lasse Collin bado anaitunza XZ. Iko kwenye seva zetu, na anastahili kujua kwamba huku nako kuna watu.